Kesi Miaka Minane, Ruzuku Mwaka Mmoja

Wafadhili wengi wa haki za mazingira hutoa ruzuku ya mwaka mmoja. Wakijitahidi sana, miwili. Sumu haina kalenda hiyo, wala mahakama haina.

Tazama Owino Uhuru, Mombasa. Mtaa huo ulipakana na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari ili kupata madini ya risasi, ambayo ni sumu. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho mwanawe alipogundulika kuwa na madini ya risasi mwilini. Aliacha kazi, na mwaka 2009 akaanzisha CJGEA, shirika la kutetea haki za mazingira. Mwaka 2012 alikamatwa pamoja na wenzake, wakashtakiwa, kisha wakaachiwa huru. Kiwanda kilifungwa 2014. Kesi ya wakazi ilifunguliwa 2016. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua 2023, na ni Desemba 2024 tu Mahakama ya Juu ilipoirejesha.

Miaka minane! Katika muda huo kikundi cha mtaani kingeandika maandiko mangapi ya mradi, kila mara kikiahidi jambo jipya ili kipate pesa za kuendeleza lile lile la zamani?

Gharama zenyewe si za kupigia picha. Ni vipimo vya damu, ambavyo lazima virudiwe. Ni sampuli za udongo, nauli za mashahidi, dhamana ya mtu aliyelala kituoni. Na mfanyakazi je? Vumbi la risasi hurudi naye nyumbani kwenye nguo, likafika kwa watoto, lakini kibarua asiye na mkataba huogopa hata kupimwa, maana majibu mabaya yanaweza kumkosesha kazi. Mtu kama huyo hujitokeza akiwa na hakika kwamba wanaomwita kupimwa watakuwepo mwaka ujao. Semina ya siku moja hotelini haimpi hakika hiyo.

Naelewa hofu ya pesa kuliwa. Basi hesabu zikaguliwe kila mwaka, ila ahadi iwe ya miaka mitano, na ripoti zipokelewe kwa Kiswahili, kwa sababu anayeijua sumu ya mtaa wake vizuri zaidi mara nyingi si yule anayeandika Kiingereza cha ofisini. Na fungu la vipimo vya damu liwe peke yake, lisikatwe eti kwa kuwa hukumu bado haijatoka.