Picha ya Mama na watazamaji elfu kumi

Bosi wangu ana duka la vyombo Kariakoo. Mwaka jana alinipigia simu saa moja asubuhi kunijulisha kwamba tovuti yake haina mtu.

"Watu wapo, Mama. Jana wameingia zaidi ya mia."

"Sisemi wanaoingia. Nasema ndani hamna mtu. Mteja akifungua anakuta sufuria tu. Sufuria inamkaribisha nani?"

Kabla sijajibu, picha ikaingia WhatsApp. Yeye mwenyewe: dera la zambarau, kilemba kimesimama kama mnara wa simu, mkononi sufuria namba nane, na tabasamu la mtu ambaye ameshalipwa. Chini ameandika: "Weka juu kabisa. Ijae."

Sikuipenda, lakini bosi anayekuita mwanangu humwambii kwamba picha yake inaziba bei. Nikajificha nyuma ya sayansi. Nikamwambia, Mama, tusibishane, tufanye jaribio. Nusu ya wageni waone tovuti kama ilivyo, hiyo tuite A. Nusu waone yenye picha yako, hiyo B. Namba ziamue.

"Kama kura?"

"Kama kura, Mama."

"Basi nimeshashinda."

Kwa asiyejua, mambo haya huenda hivi. Mgeni akifungua tovuti, kuna kodi (si ile ya TRA, ni maandishi ya programu) inayomrushia sarafu: kichwa uende A, mwenge uende B. Ikishaamua inamwachia kidakuzi, yaani kialama kidogo cha kumkumbuka, kwenye kivinjari chake, ili akirudi kesho akute kilekile alichokiona jana. Bila hivyo mteja anaona Mama leo, kesho hamwoni, keshokutwa yupo tena, na anaanza kuhisi duka lina mambo yake. Halafu kuna kodi nyingine ambayo kazi yake ni moja tu: kila ukurasa ukifunguka, inaandika moja.

Swali ni ukurasa upi uhesabiwe. Ningekuwa na akili ningehesabu ule wa mwisho kabisa, unaosema "Asante, oda yako imepokelewa". Lakini ukurasa ule unafunguka kwa nadra na grafu yake inatia huruma, na Mama anapenda namba zenye mwili. Nikachagua kuhesabu ukurasa wa mbele. Ni sawa na mama ntilie kupima utamu wa pilau lake kwa kuhesabu watu wanaopita barabarani.

Nikaondoa kwenye hesabu kompyuta yangu, nikaondoa na ofisi ya Sinza ninakopanga meza, tusije tukajihesabu wenyewe. Nikajiona mtaalamu. Alhamisi saa 10 jioni nikabonyeza "anza", nikapanda daladala nikiwa nimesimama, moyo mweupe.

Jumatatu saa 4 asubuhi nikafungua ripoti. A imetazamwa mara 412. B imetazamwa mara 9,997.

Nilitoka nje kupunga upepo, nikarudi, namba ziko palepale. Sasa hapa mtu mwenye elimu yake alitakiwa ashtuke. Mgawo ni nusu kwa nusu! Sarafu ikiangukia upande mmoja mara elfu kumi na upande wa pili mara mia nne, hushangilii, unaichukua ile sarafu unaigeuza kuona ina nini. Tena ripoti yenyewe ilikuwa inanong'ona: karibu mitazamo yote ya B imetoka kwenye kompyuta, wakati wateja wetu wananunua kwa simu, wengi wakiwa kwenye foleni. Nikajijibu mwenyewe kwamba picha ya Mama imewagusa watu wa maofisini. Nikafungua CV nikaongeza mstari: "Niliongeza watazamaji mara 24."

Nikampelekea Mama picha ya ripoti. Akajibu kwa sauti, sekunde kumi na nane za vigelegele, na ndani yake nasikia kijana wa dukani anauliza kuna harusi gani. Ripoti ikapita kwenye kundi la kikoba, kundi la ukoo, na kundi moja la mazishi ambalo nadhani ilikosea njia. Shangazi mmoja akauliza elfu kumi ni watu au ni shilingi. Kufika saa 8 mchana Mama alikuwa ameshalipa fundi wa mabango: mita tano kwa mbili, picha ileile, sufuria ileile.

Ila Mama ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara macho yake huenda penye shimo.

"Mwanangu, hapa Jumamosi usiku pamefanya nini?"

Ni kweli. Grafu ya B ilikuwa inakwenda sawasawa kama meza, mchana na usiku, kisha Jumamosi saa 5 usiku imedondoka hadi chini kabisa, ikalala huko mpaka Jumapili saa 3 asubuhi, ndipo ikasimama tena ghafla.

"Watu walikuwa wamelala, Mama."

"Ijumaa hawakulala?"

Nikasema labda kulikuwa na mpira. Akauliza mpira gani wa kuanzia saa tano usiku mpaka saa tatu asubuhi. Nikanyamaza. Akashusha sauti, akasema jirani yake wa duka la pili amekuwa akimwangalia vibaya tangu aanze mambo ya tovuti.

Jioni nikaenda Kariakoo kumpimia ukuta wa bango. Duka lilikuwa limeshafungwa, Babu mlinzi ameshaweka kiti chake barazani, mbele ya mlango wa kioo. Taa ya nje imeungua siku nyingi, lakini hayuko gizani. Anaangaziwa kutoka ndani, na mwanga wenyewe una rangi ya zambarau.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Afadhali umekuja. Hii TV yako siku hizi imekuwa nzuri, imemleta Mama, najiona niko na mwenyeji. Ila inapepesa."

"Inapepesaje?"

"Subiri."

Tukasubiri. Nyuma ya kioo, juu ya kaunta, Mama anatabasamu na sufuria yake. Mara akatoweka, kioo cha TV kikawa cheupe kama kufumba jicho, akarudi na sufuria yake.

"Umeona? Akipepesa mara mbili ni dakika moja, nimempima na saa yangu. Mara 120 kwa saa, hakosei. Ndiye ananisaidia nisisinzie, namhesabu."

Miguu ikaniisha nguvu. TV ile niliifunga mimi. Miezi miwili nyuma Mama alilalamika kwamba inaonyesha bei za zamani, nikaweka kikompyuta kidogo nyuma yake na kukiamuru kiupakie ukurasa upya kila baada ya nusu dakika. Tena nikajisifu kwamba hata umeme ukikatika, ukirudi kinajiwasha chenyewe. Halafu nikakisahau. Alhamisi kilirushiwa sarafu kama mgeni yeyote, kikaangukia B, kikapewa kidakuzi chake, kikaanza kazi.

"Babu, Jumamosi usiku uliizima?"

"Niizime ili nikae na nani? LUKU iliisha saa tano. Nimelinda gizani kama popo mpaka kijana alipofungua saa tatu. Naye akaanza kuingiza zile tarakimu ishirini, akakosea, akaanza upya, akakosea tena. Nikamwambia nisomee mimi, wewe bonyeza."

Nikaazima kalamu yake ya daftari la zamu, nikapiga hesabu nyuma ya risiti. Alhamisi saa 10 jioni mpaka Jumatatu saa 4 asubuhi ni saa 90. Toa saa 10 za giza, zinabaki 80. Mara 120. 9,600.

Nikatoa kwenye 9,997. Zikabaki 397.

Nikafungua ripoti kwenye simu, sehemu ambayo sikuwa nimeigusa, inayohesabu watu badala ya mitazamo. A, watu 268. B, watu 261. Kumbe kundi la B lilikuwa na watu wa kawaida 260 na mmoja aliyeangalia picha ya Mama mara elfu tisa na mia sita bila kwenda hata msalani.

Kumwambia Mama nilimwambia kesho yake, nimesimama karibu na mlango.

"Kwa hiyo elfu tisa na mia sita ni TV yangu."

"Ndiyo, Mama."

"Iliyoko dukani kwangu."

"Ndiyo, Mama."

"Inayokula umeme wangu."

"Ndiyo, Mama."

Akaangalia juu ya kaunta. Picha yake ikapepesa.

"Ukiitoa hiyo?"

"A 412, B 397."

"Nimeshindwa kwa kumi na tano."

"Hujashindwa, Mama. Tuliwagawa nusu kwa nusu, na ukurasa niliohesabu ni uleule wanaoingilia. Lazima zingekaribiana tu, hata ningeweka picha ya mbuzi."

Neno mbuzi sikulipima kabla ya kulitoa.

"Kwa hiyo siku zote hizo ulikuwa unapima nini?"

"Sarafu, Mama."

Kijana wa dukani akainama chini ya kaunta kama anatafuta kitu. Mama akanitazama kwa muda, kisha akauliza swali ambalo mimi nilitakiwa kujiuliza Alhamisi:

"Walionunua je?"

Nikaangalia ukurasa wa asante. A oda 9, B oda 11. Nikaanza kueleza kwamba tofauti ya oda mbili haisemi kitu, kwamba tukirudia wiki ijayo inaweza kugeuka, kwamba tunahitaji oda nyingi zaidi na siku nyingi zaidi.

"Kumi na moja na tisa, kipi kikubwa?"

"Kumi na moja, Mama, lakini..."

"Pandisha bango."

Bango lilipanda Ijumaa. Jioni ileile nikaizuia TV isijipakie tena, nikidhani nimemaliza kesi. Asubuhi Mama akanipigia: Babu amekutwa amelala usingizi wa pono, anadai saa yake imekufa. Nikairudisha nusu dakika yake, safari hii nikaliondoa duka zima kwenye hesabu kwanza.

Jumatatu nilipopita, Babu hakungoja hata nimwamkie.

"Mjukuu, jana saa kumi na mbili mpaka saa kumi na mbili, 1,436. Nilikwenda chooni dakika mbili."