Gari la kulala kwa safari ya Mombasa: anza na kiti cha mtoto

Mzazi wa Arusha au Moshi akitafuta gari la kulala, yaani lenye vitanda na jiko ndani, la kuwapeleka wanawe Mombasa, swali lake la kwanza huwa: linalaza wangapi? Swali hilo lingekuja baadaye. La kwanza ni hili: lina viti vingapi vinavyotazama mbele na vyenye mkanda wa pointi tatu, ule unaopita begani na kiunoni? Kuna magari yanayolaza watu watano, lakini yakiwa barabarani yanabeba kwa usalama watatu tu. Benchi la pembeni ni la kulia chakula gari likiwa limesimama. Kiti cha mtoto hakifungwi hapo, maana dereva akishika breki ghafla mtoto hurushwa kwa ubavu, na shingo yake bado ni laini. Kumlaza mtoto kitandani huku gari linatembea ni kosa kubwa zaidi, hata kama ni kipande kifupi cha kwenda Himo.

Kwa hiyo nenda na viti vya watoto siku ile ile unayokwenda kukagua gari. Weka kiti, kikandamize kwa goti, vuta mkanda, kisha kitikise pale mkanda unapopita. Kikicheza zaidi ya sentimita 2 au 3, hakijakaa. Mfunge mtoto, halafu jaribu kuubana mkanda wa begani kwa vidole viwili. Ukikunjika, umelegea. Asubuhi za Julai Arusha ni baridi na mama anamvalisha mtoto sweta zito. Mkanda utaonekana umekaza kumbe umekaza pamba. Mvue sweta, mfunge, kisha mfunike khanga kwa juu. Aliye chini ya miezi 15, kiti chake cha mtoto kitazame nyuma ya gari, na kiti hicho kisiwekwe kamwe mbele ya eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka ajalini) inayofanya kazi.

Gari likikosa nafasi za viti hivyo, liache, hata liwe na jiko zuri namna gani.

Njia nayo inahitaji kufikiriwa upya. Wengi hushika Namanga kwa mazoea: Arusha hadi Nairobi kama kilomita 275, kisha Nairobi hadi Mombasa karibu 480. Kupitia Moshi, Holili, Taveta na Voi, safari nzima ni kama kilomita 380, nusu ya ile. Na hata hizo 380 usizimalize siku moja ukiwa na watoto wadogo. Lala Moshi, kesho yake fika Voi, kaa usiku mbili, ndipo uteremke pwani. Kati ya Taveta na Voi barabara inakatiza Tsavo Magharibi na tembo huvuka. Usiku rangi yao na giza ni kitu kimoja. Voi hadi Mombasa ndiyo njia ya malori ya bandarini, na gari zito haliwezi kupita lori haraka. Ondoka saa 1 asubuhi, na ifikapo saa 10 jioni uwe umeshaegesha. Mkienda Diani, njia ya Dongo Kundu inawaepusha na foleni ya kivuko cha Likoni.

Mpakani, ukitoka Tanzania unapita Holili bila kusimama. Maofisa wa nchi zote mbili wako upande wa Taveta. Kurudi ni kinyume chake. Kila mtoto awe na hati yake ya kusafiria. Akiwa na mzazi mmoja tu, beba cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi mwingine. Gari la kukodi linahitaji kadi ya gari na barua ya mwenye gari inayokuruhusu kulitoa nchini. Halafu kuna kadi za njano mbili ambazo watu huzichanganya: moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, nyingine ni ya bima ya gari ya COMESA, inayotumika nje ya nchi. Chanjo hutolewa kuanzia miezi 9, na cheti kinaanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usiende kuchanja juzi ya safari. Bima inunue nyumbani kabla ya kuondoka. Mifuko ya plastiki iache. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017. Pampasi chafu zitie kwenye ndoo yenye mfuniko.

Sasa uzito. Hema la juu ya paa la gari lina kama kilo 60. Madumu matano ya lita 20 ni kilo 100 za maji. Ukiyapandisha kwenye keria, gari linayumba kila kona. Maji yakae sakafuni, karibu na katikati ya gari, yamefungwa kwa mikanda. Dumu lisilofungwa, breki ikishikwa, linamfuata mtoto aliye mbele yake.

Upepo wa tairi upimwe alfajiri, tairi likiwa la baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva. Mchana wa Voi upepo utapanda, na atatokea mtu wa kukushauri upunguze. Usikubali. Kupanda kwake kwa joto kumeshazingatiwa. Ukiupunguza, kuta za tairi zinajikunja zaidi, joto linaongezeka, na ndipo linapasuka. Tazama pia tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka kumi likatae hata kama kashata zake bado ni nzima.

Usiku, funga gesi kwenye mtungi wenyewe. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, pale pale mnapolaza watoto. Kila mkiunganisha mtungi, paka maji ya sabuni kwenye viungo. Yakitoa mapovu, gesi inavuja; kaza upya. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata likionekana limezimika, kwa sababu kaboni monoksidi, hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa, haina harufu na mtoto aliyelala hataamka kulia.

Kwenye droo ya juu weka kipimajoto, zinki na pakiti sita za ORS (chumvichumvi za mtoto anayeharisha), kila moja kwa lita 1 ya maji safi, na chupa ya lita 1 ya kupimia. Kikombe cha kukadiria hakifai.