Rangi inayokunywa kalsiamu inayoipima

Kuna lawama ya siku nyingi dhidi ya rangi za kemikali zinazong'aa zikikutana na kalsiamu ndani ya seli hai: kwamba huvuruga kilekile zilichotumwa kukitazama. Lawama hiyo ni ya kweli. Ila wanaotaka zifungiwe kabatini, tubaki na vihisi vya protini peke yake, wamevuka mpaka.

Ugumu wenyewe si mdogo. Seli iliyotulia ina kalsiamu huru ya nanomola 100 hivi, ilhali nje yake ni zaidi ya milimola 1, na humo ndani magnesiamu huru imeizidi kalsiamu kwa maelfu ya mara. Mwaka 1980 mwanabiokemia Roger Tsien alichapisha BAPTA, molekuli iliyokuja kuwa msingi wa rangi hizi. Aliichukua EGTA, molekuli iliyozoeleka maabara kwa kukamata kalsiamu, akaitia pete za benzini zinazoungana na naitrojeni. Ikaacha kuyumbishwa na mabadiliko madogo ya uchachu, ikawa inashika na kuachia upesi, na haiijali magnesiamu.

Kuiingiza ndani nako kulikuwa mtihani, maana mikono yake minne ina chaji hasi na utando wa seli hauipitishi. Mwaka 1981 Tsien akaifunika mikono hiyo kwa esta, kifuniko cha kemikali kinachoficha chaji. Molekuli inapenya, vimeng'enya vya seli vinakata kifuniko, chaji inarudi, nayo inanaswa. Ni dema hasa: samaki anaingia, hatoki. Makombo ya ukataji huo ni pamoja na formaldehaidi, ambayo hakuna seli inayoifurahia.

Quin-2, rangi ya kwanza ya ukoo huu kutumika sana, ilikuwa hafifu. Ili ionekane ilibidi ijazwe kwa wingi, nayo ikanywa kalsiamu hadi wimbi lenyewe la kalsiamu likapungua kimo. Fura-2 ya mwaka 1985 ilikuja na mng'ao wa takriban mara 30. Iangaze kwa nanomita 340, mng'ao unapanda kalsiamu ikiongezeka. Iangaze kwa 380, unashuka. Gawanya moja kwa nyingine, na unene wa seli hauna tena nafasi kubwa ya kukudanganya.

Hata hivyo mashtaka hayajaisha. Seli nyingi huitema rangi, hata watafiti huongeza probenesidi, dawa ya jongo, kuizuia isitoroke. Na mwaka 2018 utafiti katika jarida la Science Signaling ulionyesha kuwa kadhaa kati ya rangi hizi huibana pampu ya sodiamu na potasiamu, ile inayosukuma chumvi hizo kupitia utando wa seli. Hilo ni zito.

Basi protini? GCaMP, kihisi cha protini kilichotangazwa mwaka 2001, unaweza kuielekeza kwenye aina moja ya neva, ukaifuatilia kwa wiki kadhaa. Hapo rangi haina lake. Lakini nayo imebeba kalimodulini, protini inayokunywa kalsiamu na kushikana na protini nyingine za seli, na mng'ao wake peke yake haukupi kiasi halisi. Tena inadai jeni yake ipandikizwe ndani ya seli. Seli nyekundu za damu na chembe sahani hazina kiini. Ukizitoa mkononi mwa mtu asubuhi hii, jeni utaipandikiza wapi?

Kwa kazi kama hiyo ningeshika fura-2, kisha nirudie jaribio kwa nusu ya dozi. Wimbi likipanda juu zaidi mara ya pili, rangi ilikuwa ikinywa.