Walimu wakijifunza pamoja, nani anafaidika na nani analipa?

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza Uganda mwaka 2020 unamtaka mwanafunzi ajadili, afanye miradi na wenzake na atatue tatizo badala ya kukariri. Asilimia 20 ya alama zake za UCE, mtihani wa taifa wa mwisho wa kidato cha nne, sasa inatokana na kazi za shuleni, na watahiniwa wa kwanza wa mfumo huu walifanya mtihani mwaka 2024. Tumewaagiza watoto washirikiane, ilhali katika shule nyingi walimu wao wangali kila mtu na darasa lake, kila mtu na noti zake. Ndiyo maana nashikilia kwamba jumuiya ya kujifunza ianzie kwa walimu, makundi ya wanafunzi yafuate.

Jumuiya ninayoisema si kikao cha matangazo. Walimu wa somo moja wanapanga kipindi pamoja, mmoja anafundisha, wengine wanakaa nyuma wakiwaangalia wanafunzi, kisha wanajadili walichokiona. Japani wamefanya hivyo kwa zaidi ya karne moja, na hapa kwetu mpango wa SESEMAT, uliosaidiwa na JICA, shirika la misaada ya maendeleo la Japani, tangu 2005, uliwaleta pamoja walimu wa sayansi na hisabati wa sekondari.

Faida yake inaonekana hata katika jambo dogo. Chukua hesabu za sehemu, darasa la tano. Mtoto anaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Mwalimu aliye peke yake anatia alama ya kosa, anasonga mbele, akiamini mtoto hakusikiliza. Lakini walimu watatu wakiweka madaftari ya mikondo mitatu juu ya meza moja, wakaikuta 2/5 ileile huku na huku, hawawezi tena kumlaumu mtoto. Wanafunzi wamejumlisha za juu, wakajumlisha za chini, kwa kuwa hawajaelewa kwamba vipande vyenyewe havilingani ukubwa. Hapo mmoja wa walimu anatoa swali analolitumia kwake: 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu? Mtoto akigundua kwamba ameanza na nusu, akaongeza kitu, akaishia na kilicho chini ya nusu, anashtuka mwenyewe. Swali hilo lingebaki mkondo mmoja miaka nenda miaka rudi. Sasa linawafikia watoto wote wa darasa la tano.

Mwalimu wa Kiswahili anaihitaji jumuiya hii kuliko wengi. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliafiki Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, lakini walimu wake ni wachache, na mara nyingi shule nzima ina mmoja tu. Huyo atapanga kipindi na nani? Mwenzake wa karibu anaweza kuwa mwalimu wa Luganda au Lusamia, kwa sababu lugha hizo nazo zina ngeli, na mtoto anayekosea upatanisho katika Kiswahili anaupatanisha barabara nyumbani kwao bila kufikiri. Wakiketi pamoja, wataona pa kuanzia. Mwenzake mwingine yuko shule ya jirani, na hapo ndipo makundi ya WhatsApp yanaposaidia: maswali yanapita, mipango ya vipindi inapita. Ila simu haikuonyeshi sura ya mtoto aliyepotea katikati ya somo.

Wanaopinga wana hoja nzito, na sioni haki ya kuzipuuza. Mwalimu mwingi wa sekondari anafundisha shule mbili ili mwezi uishe. Kengele ya mwisho ikilia anatafuta boda aende kwingine. Ukimwambia abaki saa nzima kwa mazungumzo, unamkata riziki. Halafu kuna mshahara. Mwaka 2022 walimu wa sayansi wenye shahada walipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, wenzao wa sanaa wakaachwa mbali nyuma, na Juni mwaka huo UNATU, chama cha walimu, ikaitisha mgomo. Watu hao wanakaa chumba kimoja cha walimu. Kuwaambia wagawane maarifa kama ndugu huku serikali imewagawa mfukoni ni kudai mengi, na mimi naona kidonda hiki kinaumiza ushirikiano kuliko uvivu wowote wanaosingiziwa walimu.

Upande wa wanafunzi, diskasheni si jambo geni. Watahiniwa wetu hukutana jioni kufanya maswali ya UNEB, baraza la mitihani la taifa, na shule hualikana kwa semina. Anayemweleza mwenzake jambo hulielewa zaidi yeye mwenyewe, hili walimu wengi wamelishuhudia. Lakini darasa la wanafunzi 80 likigawanywa makundi ya kumi kumi, wawili wanafanya kazi, wanane wanaandika majina yao chini ya mradi. Mzazi wa mtoto hodari analalamika, na ana haki. Kundi la wanne, kila mmoja akiwa na kazi yake na akiulizwa peke yake mwishoni, lina unafuu, ila hilo linahitaji mwalimu aliyejifunza kuliendesha.

Kwa hiyo mimi ningeanza na ratiba. Kipindi kimoja kwa wiki cha walimu kukutana kiwekwe ndani ya saa za kazi, kabla ya mchana, ili wa shule mbili naye awepo. Mwalimu mkuu asitumie kilichoonekana darasani kuandika ripoti ya mtu, la sivyo kila mwalimu ataandaa somo la maonyesho na hakuna atakayethubutu kuonyesha panapomshinda. Na kwa Kiswahili, shule mbili tatu za jirani zihesabiwe kuwa idara moja, nauli ya mwalimu anayekwenda kumtazama mwenzake ilipwe na shule, isitoke mfukoni mwake.