Mbeya tutenge eneo la bustani sasa hivi, viwanja vinaisha

Jumapili jioni hapa Mbeya mjini ukiondoa baa na vibanda vya chipsi, mahali pa kukaa bure na watoto ni pa kutafuta kwa tochi. Nikilisema hili naambiwa bustani ni mambo ya matajiri. Jamani, tajiri ana ua wake nyumbani! Anayeihitaji ni yule aliyepanga chumba kimoja Mwanjelwa, watoto wanachezea kwenye korido na bodaboda zinapita mlangoni.

New York walipitisha sheria ya kununua ardhi ya bustani ya Central Park mwaka 1853, mji wenyewe ulikuwa haujafika huko, sehemu kubwa ni mawe na matope, leo zile ekari 843 nani angeweza kuzinunua? Alafu wachoraji wa ramani yake, Olmsted na Vaux, wakafanya kitu nakipenda sana, barabara nne zinazokatiza bustani walizichimbia chini, mikokoteni ya farasi inapita kule chini na watu wanatembea juu bila bughudha, mpaka leo magari yanapita humohumo. Sisi ambao malori ya Tunduma yanapita katikati ya mji tulitakiwa kulisoma hilo zamani.

Ila waliumiza watu. Kulikuwa na kijiji cha watu weusi, Seneca Village, wana nyumba zao na makanisa yao, zaidi ya 200 wakaondolewa 1857. Ndo maana nasisitiza mapema, ukichelewa lazima umvunjie mtu nyumba.

Na likishatengwa lilindwe. Nairobi 1989 walitaka kuweka ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bila Wangari Maathai na wenzake kupiga kelele lingesimama pale.

Ya kwetu isiige za Dar. Kule wanatafuta kivuli, huku Juni na Julai watu tunaota jua, kwa hiyo mabenchi yaelekee jua, miti ikae pembeni, na tafadhali isiwe milingoti (mikaratusi) inayokausha maji. Na choo, choo chenye maji na mtu anayelipwa kukisafisha, bila hivyo akina mama hawakai hata nusu saa.

Mimi ningeanzia upande wa Uyole au Iwambi ambako mashamba ya mahindi bado yapo, wenye mashamba walipwe fidia yao kwanza. Mkutano wa mtaa ukiitwa tuulizeni: kwenye ramani eneo la wazi liko wapi, na hati yake ana nani?