Thumuni ya mjane si sadaka

Mjane akiulizia mirathi kabla ya arubaini anaitwa mroho. Akiulizia baada ya eda, muda wake wa kukaa ndani baada ya kufiwa, anaambiwa karafuu hazijachumwa. Zikichumwa, kaka mkubwa yuko Dar es Salaam, asubiriwe arudi. Habari hii inasikika kila msimu hapa Pemba, Wete, Konde, Mkoani, na msimu huu imesikika tena, ikisimuliwa kama mambo ya kawaida ya kifamilia. Mimi naiita dhulma, na wengi wanaoifanya wanasali safu ya mbele.

Wanawake wa visiwa hivi vya Zanzibar wameambiwa wasubiri tangu zamani. Amri ya 1897 iliyoondoa utumwa mbele ya sheria iliwaacha nje masuria, yaani watumwa wa kike waliowekwa na mabwana zao, eti wanahesabiwa kama wake. Walingoja mpaka 1909. Julai 1957, tulipofanya uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, waliopiga kura ni wanaume peke yao. Wanawake waliingia vituoni kwa mara ya kwanza Januari 1961, na katika uchaguzi huo huo jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja. Kura moja! Sheria ya 1985 ilimpeleka jela mwanamke asiyeolewa aliyepata mimba. Kifungo hicho kiliondolewa 2005. Viti vya wanawake katika Baraza la Wawakilishi vilifika asilimia 40 ya viti vya majimbo kwa mabadiliko ya Katiba ya 2010. Kila hatua ilitakiwa kudaiwa, na kila mara palikuwa na mtu wa kusema wakati bado.

Lakini huko kote waliodaiwa ni watawala, na kilichotakiwa ni sheria ambayo ilikuwa bado haijaandikwa. Mirathi imeshaandikwa. Imo katika Surat An-Nisaa, kwa mafungu yanayohesabika, na makadhi wetu wana mamlaka ya kuisimamia. Hapana mwakilishi wa kubembelezwa wala mswada wa kungojewa. Anayemzuilia mwanamke haki hii ni kaka yake, ami yake au mtoto wake wa kumzaa.

Tuhesabu, maana wengi wanalisema jambo hili bila kulipigia hesabu. Amefariki mwanamme, wazazi wake walishatangulia, ameacha mke mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Mke ana thumuni, yaani fungu moja kati ya manane, kwa sababu kuna watoto. Wasingekuwepo angepata robo. Zinazobaki ni thumuni saba, na kila wa kiume anachukua mara mbili ya wa kike: wawili wanachukua nne, watatu wanachukua tatu. Basi shamba la mikarafuu 80 linagawika hivi: mama 10, kila kaka 20, kila dada 10. Jumlisheni ya wanawake. Ni 40, nusu ya shamba zima. Hiyo ndiyo nusu inayochumwa miaka nenda rudi, ikapelekwa kituo cha kununulia kwa jina la kaka mkubwa, na dada akapewa kanga mbili za Idi.

Tena hesabu hiyo haitoki kwenye mali yote iliyokutwa. Kwanza hutoka gharama za maziko. Pili madeni, na hapa ndipo mjane anapopunjwa bila hata kujua: mahari aliyobakishiwa ni deni la marehemu, hulipwa kamili kabla ya mrithi yeyote kupata kitu, kisha yeye huchukua thumuni yake juu ya mahari hiyo. Tatu wasia, usiozidi theluthi, na kwa asiyekuwa mrithi. Dhahabu yake, cherehani yake, ng'ombe aliyemnunua kwa pesa za upatu haviingii kabisa katika tirka, yaani mali aliyoiacha marehemu, kwa sababu ni mali yake akiwa hai. Kuhusu mchango wa mke katika nyumba iliyojengwa pamoja, Tanzania Bara walishapata njia kwa kesi ya talaka ya Bi Hawa Mohamed mwaka 1983, kazi za nyumbani zikahesabiwa. Sheria yao ya Ndoa ya 1971 haifiki kwetu, kwa hiyo mwanamke wa hapa asimuweke benki mumewe: risiti za saruji na mabati ziandikwe jina lake, naye azihifadhi mwenyewe.

Sasa ubaya wa kusubiri. Tuseme mirathi ile haikufunguliwa, zikapita chumo kadhaa, dada mmoja akafariki. Ameacha mume, mama, mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili. Fungu lake moja kati ya manane linagawika tena: robo ya mume, sudusi (moja ya sita) ya mama, kilichobaki kwa watoto. Ili kila mtu apate fungu zima bila kukata, shamba lililokuwa na mafungu 8 sasa linahitaji mafungu 384. Akifa wa pili, zidisheni tena. Watoto wa marehemu wanakuwa na kipande cha mti hapa na nusu ya tawi kule, na hapo yule aliyekuwa akisema tusubiri anasema haligawiki, bora libaki mikononi mwake.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wako makaka wanaowatunza dada zao vizuri kuliko waume zao walivyowatunza. Matunzo hayo ni wema. Hayapunguzi hata mkarafuu mmoja katika fungu la dada.

Njia yenyewe haina maajabu. Ipatikane hati ya kifo, cheti cha ndoa cha mjane, na barua ya sheha, kiongozi wa Serikali wa mtaa, yenye orodha ya warithi wote pamoja na mashahidi wanaoifahamu familia. Orodha hiyo isomwe mbele ya wanawake wenyewe, maana mtoto wa kike aliyeolewa mbali, au aliyezaliwa na mke aliyeachwa, ndiye anayesahauliwa kwanza. Kisha Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, au mahkama ya kadhi pakiwa na mgogoro. Mjane aliye edani asingojee miezi minne na siku kumi ipite. Amtume wakala kwa maandishi, na vyeti visimtoke mkononi bila nakala. Kama shamba ni eka tatu zilizogaiwa na Serikali baada ya Mapinduzi, masharti yake yaulizwe Kamisheni ya Ardhi kabla ya kugusa chochote.

Kwenye mgao, msikubali kuhesabiwa mashina tu. Mikarafuu kumi mikongwe ukingoni mwa korongo si sawa na kumi inayozaa vizuri karibu na njia. Igawanywe kwa makundi: inayozaa sana, iliyochoka, na miche ambayo itachukua miaka kabla ya kuchumwa. Kila mrithi apate sehemu katika kila kundi, mipaka iwekwe alama, karatasi itiwe saini na wote. Na ulizeni mapema kama shamba limekodishwa. Ni mbinu ya kawaida: kaka anachukua pesa za chumo mbili kabla, halafu anasema mikono yake imefungwa. Pesa hizo ni za warithi wote, zihesabiwe na kukatwa katika fungu lake.

Na anayeletewa shamba la urithi anunue, adai kwanza kuona karatasi ya mgao. Mrithi mmoja hana uwezo wa kuuza zaidi ya fungu lake, na mnunuzi anayelijua hilo akaendelea kutoa pesa asije akamlaumu mjane atakapoitwa mahkamani.