Fidia ya mwanafunzi aliyekufa barabarani India: kasoro haiko kwenye hesabu, iko kwenye kipato

Ni habari inayojirudia kwenye magazeti ya India. Mwanafunzi amegongwa na lori, baraza la madai ya ajali limewapa wazazi wake fidia, na msomaji anabaki kuuliza kwa nini familia hii imepata rupia laki 8 na ile nyingine, ya kijana wa rika lile lile, imepata laki 40. Lawama huangukia kanuni ya kukokotoa fidia: majaji, inasemwa, wamegeuza uhai wa kijana kuwa zoezi la kuzidisha na kugawanya. Hasira hiyo inaeleweka, ila imeelekezwa pasipo pake. Kanuni ndiyo sehemu pekee inayomtazama mtoto wa daktari na mtoto wa kibarua kwa jicho moja. Dhuluma inapenya kwenye tarakimu moja ambayo kanuni imeiacha wazi.

Tuchukue mwanafunzi wa miaka 20, hajaoa, ana baba na mama. Kifungu cha 168 cha Sheria ya Magari ya 1988 kinalitaka baraza litoe fidia ya haki, basi. Namna ya kuifikia hakisemi. Njia imechongwa na Mahakama ya Juu, hasa kwa hukumu mbili ambazo kila wakili wa madai anazitaja kwa jina: Sarla Verma ya 2009 na Pranay Sethi ya 2017, hii ya pili ikiwa ya majaji watano. Unachukua kipato cha mwezi na kukizidisha kwa 12. Unaongeza asilimia 40, kwa kuwa kipato cha kijana kingepanda. Unakata nusu, ambayo marehemu angejitumia mwenyewe kwa sababu hana mke wala watoto. Kinachobaki unakizidisha kwa 18, kizidisho cha mwenye miaka 15 hadi 25. Kisha unajumlisha mafungu maalumu: rupia 40,000 kwa kila mzazi kwa kupotewa na mwana, 15,000 za mazishi na 15,000 za mirathi ya marehemu. Mafungu hayo hupanda kwa asilimia 10 kila miaka 3, kwa hiyo tangu mwishoni mwa 2023 yamefika 48,400 na 18,150. Wazazi wawili wakiwa hai, jumla yake ni 133,100.

Sasa tazama kilichobaki mikononi mwa baraza. Umri unasomwa kwenye cheti. Asilimia 40, nusu na 18 zimekwisha andikwa. Kilicho wazi ni kipato cha mwezi cha mtu ambaye hakuwahi kupokea mshahara. Na tarakimu hiyo ina uzito wa kutisha: kila rupia 1,000 unayoiongeza au kuipunguza kwenye kipato cha mwezi inaisogeza fidia kwa rupia 151,200. Hesabu yake ni fupi. Elfu moja kwa miezi 12 ni 12,000. Ukiongeza asilimia 40 ni 16,800. Nusu yake 8,400. Mara 18 ni 151,200. Baraza likiandika 8,000 mahali ambapo 12,000 ingestahili, wazazi wamepungukiwa na rupia 604,800, na pengine sababu iliyotolewa ni maneno manne tu: "kwa makadirio ya kawaida." Hukumu inaweza kujaza kurasa ikibishania nani alihama upande wake wa barabara, kisha laki sita zikaamuliwa kwa nusu mstari.

Mazoea hayo yana historia. Mwaka 1994 sheria iliwekewa jedwali lililosema asiye na kipato ahesabiwe rupia 15,000 kwa mwaka. Ni rupia 1,250 kwa mwezi, takriban 41 kwa siku. Bei zikapanda, mishahara ikapanda, jedwali likabaki pale pale hadi lilipobadilishwa 2018. Katikati ya miaka hiyo majaji walilikwepa kadiri walivyoweza. Mwaka 2009, katika shauri la watoto waliokufa basi la shule lilipotumbukia mto Yamuna huko Delhi mwaka 1997, Mahakama ya Juu iliongeza 75,000 kwa kila mtoto kwa ajili ya kipato ambacho kingepanda. Mwaka 2013 ilitumia 30,000 kwa mwaka kwa mtoto wa miaka 10, mara 15, na kwa mafungu mengine ikafika laki 5. Mwaka 2021, kwa mtoto wa miaka 7, ikatumia 25,000. Pungufu ya ile ya 2013! Hakuna aliyekusudia kumshusha thamani mtoto wa pili. Ndivyo inavyokuwa kila jopo linapochagua tarakimu yake lenyewe.

Wapo wanaosema dawa ni kumpima kila mwanafunzi kwa chuo chake, alama zake na kazi aliyokuwa akiielekea. Hoja hii si nyepesi. Fidia ya haki haiwezi kufumbia macho kwamba kijana alikuwa mwaka wa mwisho wa udaktari. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilikubali hivyo ilipompangia mwanafunzi wa udaktari wa miaka 19 kipato cha rupia 25,000 kwa mwezi. Kuna na jambo ambalo wazazi huliona kila mwezi: mkopo wa elimu. Baba aliusaini pamoja na mwanawe, na kama haukuwa na bima, benki inaendelea kumdai yeye.

Lakini fuata hoja hiyo hadi mwisho uone inakotua. Mwaka 2010 mahakama ile ile ilishughulikia madai ya mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa mitambo katika chuo cha BIT kule Mesra, aliyenusurika na ulemavu wa asilimia 70. Kipato alichopangiwa: rupia 60,000 kwa mwaka, yaani 5,000 kwa mwezi. Ajali hizo hazikutokea mwaka mmoja, na mmoja aliumia, mwingine alikufa, lakini pengo la mara tano kati ya mhandisi mtarajiwa na daktari mtarajiwa haliwezi kuelezwa kwa miaka peke yake. Ikiwa wenye vyuo vya sifa wanapimwa kwa kubahatisha namna hiyo, vipi msichana wa darasa la 11 katika shule ya serikali huko Bihar? Yeye hana barua ya ajira wala chuo kinachoweza kumtuma ofisa kuja kueleza wahitimu wake wanalipwa kiasi gani. Alama zake zenyewe zinategemea kama nyumbani kulikuwa na ada ya masomo ya ziada. Kipimo cha "matumaini binafsi" kinajitambulisha kuwa kinampima mtoto, kumbe kwa kiasi kikubwa kinapima mfuko wa baba yake.

Ndiyo maana uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2025 una uzito kuliko ulivyopewa. Mahakama ilisema mtoto aliyekufa au kupata ulemavu wa kudumu kwa ajali asiwekwe kwenye fungu la wasio na kipato. Kipato chake kihesabiwe angalau kwa kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi mwenye ujuzi katika jimbo husika. Na ikaongeza jambo la kiutendaji ambalo mawakili wa wazazi wasilipite haraka: mdai asipowasilisha hati ya kima hicho, kampuni ya bima ndiyo iilete mbele ya baraza. Hapo tarakimu iliyokuwa wazi inapata sakafu. Kima kikiwa 12,000 kwa mwezi, fidia kwa kizidisho cha 18 ni 1,814,400 kabla ya mafungu maalumu, awe ni mtoto wa nani.

Sakafu hii ina kasoro zake. Kima cha chini hutofautiana jimbo hadi jimbo, kwa hiyo mtoto wa jimbo maskini bado anaanzia chini. Na kwa mwanafunzi wa udaktari aliyekaribia kuhitimu, mshahara wa fundi ni mdogo mno. Ila sakafu haizuii kupanda, inazuia kushuka. Mwenye ushahidi auweke mezani.

Ushahidi huo huharibika kwa njia zinazojulikana. Nakala ya matokeo pekee haitoshi; anahitajika mtu wa chuo aje kusema wahitimu wa kozi ile, mwaka ule, walianza na mshahara gani. Barua ya ajira bila mwajiri kuithibitisha hutupwa nje. Madai kwamba marehemu alikuwa akifundisha watoto jioni kwa malipo, bila risiti wala mzazi hata mmoja aliyemlipa, hudhoofisha hata sehemu ya madai iliyo imara. Hati ya kima cha chini iwe ile iliyokuwa ikitumika siku ya ajali. Wengi huleta ya mwaka wa kesi, na inakataliwa. Tena wazazi wasiogope kwamba waliomba kidogo mwanzoni: tangu 2002 ni msimamo wa Mahakama ya Juu kwamba baraza linaweza kutoa zaidi ya kilichoombwa, mradi ndicho cha haki.

Kampuni za bima nazo zina neno la kusikilizwa. Fidia hulipwa kutokana na ada za wenye magari wote, na makadirio yasiyo na mpaka huishia kuwapandishia hao. Pia zililalamika kwa miaka kwamba kizidisho kifuate umri wa mzazi anayebaki: mama wa miaka 55 ana kizidisho cha 11, kwa nini apewe cha 18? Kwa kipato cha 12,000, tofauti hiyo ni rupia 705,600. Mahakama ya Juu iliufunga mjadala mwaka 2015 na tena 2017: umri unaotazamwa ni wa marehemu. Nadhani ilikuwa sahihi, kwa sababu kilichokatika ni miaka ya kazi ya kijana, na nusu nzima ya kipato chake imeshaondolewa kabla mzazi hajapata kitu.

Nusu hiyo yenyewe haijafungwa kabisa. Sarla Verma inaruhusu makato yapungue hadi theluthi moja pale familia kubwa inapomtegemea asiyeoa, mfano mama mjane mwenye watoto wadogo wasio na kipato. Kwa kipato kile kile cha 12,000, kutoka nusu hadi theluthi fidia inapanda kutoka 1,814,400 hadi 2,419,200. Wakili asipoiomba, nusu inakatwa bila mjadala, kwa kisingizio kwamba mwanafunzi hakuwa akimlisha mtu. Ni kisingizio kinachojipinga: mahakama ikishakubali kumhesabia kipato cha kesho, imhesabie na wategemezi wa kesho.

Limebaki pengo moja ambalo sakafu mpya haijaliziba kwa waliokufa. Jedwali la vizidisho la Sarla Verma linaanzia miaka 15, na kwa walio chini ya hapo Mahakama ya Juu yenyewe iliweka kizidisho cha 15 mwaka 2013. Ndugu wawili wakifa kwenye riksho moja, mmoja ana miaka 14 na mwingine 16, kwa kipato kile kile cha 12,000 mdogo anahesabiwa 1,512,000 na mkubwa 1,814,400. Mdogo ndiye aliyekuwa na miaka mingi zaidi mbele yake, na ndiye anayepungukiwa na 302,400. Kwa watoto walioumia, Mahakama ya Juu imekwisha kutumia 18; mwaka 2020 ilifanya hivyo kwa msichana wa miaka 12. Hakuna sababu ya hesabu ya kumnyima aliyekufa kile kilichopewa aliyenusurika, na Mahakama ya Juu haina haja ya kusubiri bunge ili ianze kukitumia.